Jinsi nilivyorudisha weusi wa mrija wa kiko

Mrija ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia yenye ukijani, na ulikuwa mchungu mdomoni. Ni vulkanaiti, yaani mpira uliofanywa mgumu kwa kupashwa moto pamoja na salfa. Mwanga na hewa huichakaza ngozi yake ya juu. Kwanza niliuosha kwa maji ya moto. Kosa! Rangi ilizidi kuharibika.

Kilichofaa ni msasa wa maji: namba 400, kisha 600, 1000, hadi 2000, nikilowesha kila mara mpaka maji yaache kutoka ya kahawia. Mrija niliuacha umechomekwa kwenye kiko, maana ukiusugua peke yake kingo za maungio huviringika na pengo hubaki milele. Nembo niliizungushia utepe. Mwisho nikaupaka mafuta kidogo, ukang'aa mweusi tii.