Gramu 118 za Ziada

Mkesha wa mashindano yetu ya kirafiki ya ndege ndogo za rimoti, ndege zilipimwa uzito Sinza, Dar es Salaam, sebuleni kwa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Kwanza aliagiza pangaboi lizimwe. Mabawa yenye mita 2 ncha hadi ncha hukamata upepo hata wa ndani ya nyumba, na namba za mizani zilikuwa zinarukaruka kwa gramu 20 na zaidi. Hewa ilipotulia akapanga juu ya mizani mawe matano ya kilo moja moja, ya kuazima duka la jirani, yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Ikasoma 5,001. Mizani isiyojaribiwa karibu na uzito wenyewe unaotafutwa haifai kumwondoa mtu mashindanoni.

Tulifuata kanuni za F3A, daraja la michezo ya angani kwa ndege za rimoti, za shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI: urefu usizidi mita 2, mabawa yasizidi mita 2, uzito usizidi kilo 5. Ndege ya kijana mmoja, ya umeme, aliyoinunua kwa mkono wa pili, ikasoma gramu 5,118.

"Mzee, si nitafute tu betri nyepesi?" akauliza.

"Mwanangu, hiyo ndiyo njia ya kufilisika. Tuanzie mkiani."

Mzee alikuwa na sababu. Ndege ile ilibeba betri mbili za lipo, aina ya betri za lithiamu, za seli tano kila moja, zilizounganishwa kuwa seli kumi, uwezo wa mAh (miliampea-saa) 5,000. Lipo haifai kutumiwa zaidi ya asilimia 80, yaani mAh 4,000, na mzunguko mzima wa michezo ya angani siku ya upepo hukaribia hapo. Ukiweka za mAh 4,400, kikomo chako ni 3,520. Utazikamua kupita kiasi, zitavimba, na baada ya muda mfupi unanunua nyingine. Na kuziagiza hadi Dar es Salaam ni gharama juu ya gharama: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Nauli hiyo yote hulipwa na mrushaji.

Mkia ulikuwa umewahi kuvunjika. Aliyeutengeneza alimwaga gundi ya epoksi kama anayeziba tangi la maji. Tukaipiga msasa taratibu, tukatoa kipande cha balsa, mbao nyepesi ya kuundia ndege hizi, kilicholowa gundi, tukaweka kingine. Balsa nayo huchaguliwa kwa mizani: bapa la milimita 3, upana sentimita 10, urefu mita 1, likiwa jepesi huwa gramu 30, likiwa zito huweza kupita 48, na kwa macho ni mbao ile ile. Zikatoka gramu 27.

Faida kubwa ikaonekana puani. Ukarabati ule ulikuwa sentimita 100 nyuma ya kitovu cha uzito, na ili ndege isielemee nyuma, mtu alikuwa amebandika kipande cha madini ya risasi sentimita 60 mbele ya kitovu hicho. Zidisha 27 kwa 100, gawanya kwa 60: unapata 45. Risasi ilikuwa gramu 45 kamili, na yote ikabanduliwa. Betri ya risiva, kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti, tukaibadilisha kwa ndogo zaidi, ikapungua 38, kwa sharti la kuchajiwa kila baada ya mruko. Waya kati ya betri na kidhibiti mwendo wa mota zilikuwa ndefu mno; kuzifupisha kukatoa 14. Za mota hatukuzigusa, kwa sababu ni nyuzi zilezile zilizosukwa ndani, zimepakwa vanishi, na ukizikata bila kuisafisha vizuri mota hugoma au huungua.

Ikasoma 4,994, bila kununua mguu wa kutulia wa kaboni wala skrubu za titani.

Kilichoniuma mimi ni ndege iliyofuata, ya injini ya mafuta. Ilisoma 4,950, ikapita papo hapo. Kanuni tulizofuata zilipima ya umeme pamoja na betri zake, ya injini bila mafuta. Nusu lita ya methanoli na oili ni zaidi ya gramu 400, kwa hiyo ile ilikuwa inaruka na kilo 5.3 na ushee kihalali, wakati kijana anahesabu gramu sita. Kwangu mimi, kikomo kinafaa kuzuia mchezo usiwe wa wenye fedha. Kikipimwa hivi, mwenye umeme ndiye anayesukumwa kwenye kaboni na betri za bei mbaya.

Nikalisema pale pale, na mwenye injini hakupinga. Usiku ule tukaandika kanuni ya mashindano yetu ya ndani: kila ndege ipimwe ikiwa tayari kuruka, tangi limejaa au betri ipo ndani, kikomo gramu 5,500 kwa wote.