Kumfuata Mpiga Drams ili Kumpata Mpiga Gitaa

Anayempenda mpiga gitaa mmoja wa jazi-fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki, na kutamani wengine wa aina yake, mara nyingi huelekezwa kwa wale wanaolingana naye kwa kasi. Kwangu huo ni mwongozo dhaifu, kwa sababu kasi ndiyo sifa inayotambulika upesi kuliko zote, na ndiyo inayoeleza machache zaidi kuhusu mwanamuziki. John McLaughlin na Allan Holdsworth wote ni Waingereza waliozaliwa Yorkshire, wa kwanza mwaka 1942 na wa pili 1946, na wote wana kasi ya kustaajabisha. Hata hivyo, McLaughlin huzipiga noti zake nyingi moja moja kwa piki, kile kibamba kidogo cha kukwanyulia nyuzi, zikatoka kali na zenye mkato, ilhali Holdsworth, ambaye tangu ujana alitamani kupuliza saksafoni, aliviachia vidole vya mkono wa kushoto sehemu kubwa ya kazi, hata mlio wa gitaa lake ukawa laini na mrefu kama pumzi.

Kinachowaunganisha wawili hao ni mpiga drams. Tony Williams, aliyejiunga na mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 17, aliunda bendi ya Lifetime mwaka 1969 na kumwita McLaughlin avuke bahari kwenda Marekani. Kisha, katika albamu ya Believe It ya mwaka 1975, nafasi ya gitaa aliishika Holdsworth. Tangu nilipoutambua uhusiano huo, kila albamu ninayoipenda huanza kuichunguza kwa kusoma majina ya wote waliopiga, hasa yule aliyeketi nyuma ya drams, kwa maana yeye ndiye anayeamua mpiga gitaa atapata nafasi kiasi gani ya kupumua.

Mpiga drams Billy Cobham ndiye aliyenifikisha mbali zaidi. Baada ya kupiga na McLaughlin katika bendi yake ya Mahavishnu Orchestra, alitoa albamu ya Spectrum mwaka 1973 akiwa na mpiga gitaa Tommy Bolin, kijana wa roki ambaye baadaye aliingia bendi ya Deep Purple. Mwaka uliofuata, katika Crosswinds, alikuwa na John Abercrombie, na baada ya huyo akaja John Scofield, ambaye miaka ya 1980 alipiga na Miles Davis mwenyewe.

Abercrombie anastahili kusikilizwa kwa utulivu. Mtu anayetafuta kasi tu huenda asimfikie kamwe, kwani katika kazi zake nyingi hunyamaza pale ambapo wengine wangejaza noti, na kodi zake, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, huning'inia bila kuharakishwa kupata jibu. Katika albamu ya Timeless yuko pamoja na Jan Hammer, mpiga kinanda wa Mahavishnu, na Jack DeJohnette kwenye drams. Watu ni wa ukoo uleule wa muziki, lakini hali ya hewa ni nyingine kabisa.

Ukoo huo haukuishia miaka ya 1970. Mpiga piano Herbie Hancock, aliyekuwa na Williams katika kundi la Miles, baadaye alimchukua Lionel Loueke wa Benin, ambaye huimba sambamba na gitaa lake, hutoa milio ya ulimi katikati ya noti, na wakati mwingine hupachika karatasi kwenye nyuzi ili zitoe mlio mkavu. Hafanani na Holdsworth hata kidogo, nami nilimfikia kwa kuanzia kwa Holdsworth.