Mji wetu una maduka mawili ya dola na hauna nyanya

Jana kwenye duka la dola, haya maduka ya Marekani ya vitu vya bei poa, nimelipa dola 5.25 kwa sabuni ya vyombo ambayo rafuni imeandikwa 4.50. Nikachomoa kile kikaratasi cha bei nikampelekea kijana wa kaunta. Akakitazama, akatazama mashine yake, akasema hawezi kubadilisha mpaka meneja aje, na meneja anakuja asubuhi. Yupo peke yake duka zima. Maboksi ambayo hayajafunguliwa yamejaa njiani mpaka kitoroli hakipiti, na foleni nyuma yangu imeshaanza kuguna. Nikalipa nikaondoka.

Najua kuna mtu yuko Mbagala anasoma hapa anasema senti 75 nayo ni habari? Ni habari. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Ohio aliishtaki Dollar General, kampuni ya maduka haya ya dola, mwaka 2022 kwa mchezo wa namna hiyo, bei ya rafuni nyingine na ya kaunta nyingine, na mwaka uliofuata wakamalizana kwa dola milioni 1. Kwa kampuni yenye matawi zaidi ya 20,000, hiyo ni hela ya soda.

Mimi nipo jimbo la Kansas, mji mdogo, nafanya kazi ya kulea wazee zamu ya usiku. Nilipofika nilidhani maduka haya ni neema. Jina lenyewe linavutia. Dollar General ya kwanza ilifunguliwa Springfield, Kentucky, mwaka 1955, na kweli hakukuwa na kitu kilichozidi dola moja. Hayo ni ya wazee. Hata Dollar Tree, walioshikilia dola moja kuliko wenzao, walipandisha kuwa 1.25 mwaka 2021. Siku hizi dola imebaki kwenye bango.

Na bei poa yenyewe ukiipigia hesabu unashangaa. Kopo dogo la maziwa, aunsi 16 (karibu nusu lita), nimelikuta kwa dola 2. Galoni ina aunsi 128. Kwa hiyo galoni ya maziwa hayo ni dola 16, wakati supamaketi kubwa ni kama 4 tu. Sabuni ya unga hivyohivyo, kipakiti kidogo, bei inayobebeka, na mtu anatoka anafurahi ametumia hela kidogo. Ni mafuta ya kupima kabisa. Tofauti ni kwamba Mangi akikupimia anakujua, ana daftari, na mwisho wa mwezi ukikwama mnaongea. Huku ukipungukiwa senti 10 unarudisha kitu rafuni.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Mji huu ulikuwa na duka la chakula la mzee mmoja na mkewe. Duka la kawaida tu, taa hafifu, sakafu inalia ukikanyaga. Lakini lilikuwa na bucha, lilikuwa na nyanya, vitunguu, kabichi. Tulipoanza kuwa Waafrika wengi kidogo mjini, nikamuuliza kama anaweza kupata mbuzi. Akasema ngoja. Wiki ya Pasaka akanipigia simu, ameleta mbuzi mzima kutoka kwa mfugaji jirani. Akanikaribisha nyuma kwenye msumeno wa nyama, mimi namwonyesha kwa kidole, hapa, tena hapa, vipande vidogo na mfupa wake. Akawa anacheka kwamba kwao mfupa ni wa mbwa. Baada ya hapo akawa anaagiza kila sikukuu bila kuambiwa.

Amefunga. Na watu wanasema alishindwa biashara. Hapo ndipo huwa napandisha hasira, kwa sababu aliwahi kunieleza mwenyewe kilichokuwa kinamla, akiwa anafunga hesabu zake. Nyanya na nyama hazimpi faida. Zinaoza, friji inakula umeme, mchinja nyama lazima alipwe. Faida yake ilikuwa kwenye makopo, biskuti, soda, karatasi za chooni, sabuni, vitu visivyooza. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinalipia kabichi. Duka la dola likaja likajenga hatua chache kutoka kwake, likachukua hivyo visivyooza tu. Likamwachia yanayooza. Hakuna mteja aliyemkimbia moja kwa moja, kila mmoja alimpunguzia kidogo, na biashara ya chakula faida yake ni nyembamba sana, ukipunguza kidogo imekatika.

Msidhani ni yeye peke yake. Haven, mji mwingine mdogo wa hapahapa Kansas, Dollar General iliingia 2015, na miaka michache baadaye duka lao la chakula likafunga. Wizara ya Kilimo ya Marekani imelipima jambo hili kitaifa: duka la dola likifunguliwa vijijini, maduka huru ya chakula ya eneo hilo hupoteza kwa wastani asilimia 9.2 ya mauzo, na ajira hushuka asilimia 7.1. Mijini pigo ni dogo, kwa sababu wateja ni wengi.

Halafu kuna suala la bei ya jumla. Mwenye matawi maelfu anamwambia kiwanda nipunguzie, na kiwanda kinapunguza, hata kumtengenezea kopo la saizi yake. Mzee wangu analipa bei kamili. Cha ajabu sheria ya kuzuia upendeleo huo ipo, inaitwa Robinson-Patman, ya mwaka 1936. Kuanzia miaka ya 1980 serikali ikaacha kuisimamia kwa vitendo. Sheria haikufutwa, ilikaa tu kabatini miaka na miaka. Tukiwa nyumbani tunadhani sheria za kukaa kabatini ni za kwetu peke yetu.

Niwe mkweli pia. Natoka kazini usiku nataka dawa ya kichwa na mkate, lililo wazi ni la dola. Kuna bibi jirani yangu hana gari, anatembea na kigari chake cha kusukuma mpaka pale, analipa kwa kadi ya msaada wa chakula. Ukilifunga leo, bibi yule anaenda wapi? Kwa hiyo siwezi kusema yaondoke yote. Tulsa, Oklahoma, walifanya vizuri zaidi: mwaka 2018 baraza la jiji liliweka kanuni kwa upande wa kaskazini kwamba maduka mapya ya aina hii yapishane angalau maili moja. Mwaka 2021 supamaketi yenye vyakula freshi ikafunguliwa upande huohuo. Kumbe inawezekana, ila wao ni jiji. Mji wetu mtu akisema ataleta ajira, hata za watu wanane, wanampa kiwanja na shukrani.

Wewe unayejiandaa kuja, na ajenti anakuambia Kansas au Iowa maisha ni rahisi: kodi ya nyumba kweli ni nafuu. Lakini kabla hujasaini, fungua ramani uangalie duka la chakula, la chakula hasa, liko maili ngapi kutoka unapolala. Mimi sasa ni maili 38 kwenda. Kama huna gari, mshahara wote unaishia kwa anayekupa lifti. Na ukiingia dukani soma yale maandishi madogo chini ya bei, bei kwa aunsi. Hayo ndiyo ya kulinganisha.

Kuna ombi la duka la tatu la dola, kando ya kituo cha mafuta. Halmashauri inakaa mwezi ujao na mkazi yeyote anaruhusiwa kusema dakika tatu, hata asiyepiga kura. Nitabadilishana zamu niende. Na aliyeko upande wa Wichita anayejua wanapouza mbuzi wa mfupa, aniambie, Krismasi haiko mbali.