Nilivyoijua leveli yangu ya tenisi hapa Dodoma baada ya miaka minne ya kuambiwa "kwa mwanamke wewe ni edivansi"

Wiki hii tena mgeni kaja kiwanjani akaniuliza, dada wewe uko leveli gani, na kabla sijafungua mdomo kaka mmoja wa grupu letu akanijibia, "huyu kwa mwanamke ni edivansi", yaani mchezaji wa ngazi ya juu. Jamani. Hilo jibu lishanigharimu hela na lishanitoa machozi, kwa hiyo leo naeleza yote, maana najua kuna akina dada wengi wanaambiwa hivyohivyo na wanaamini kama nilivyoamini mimi.

Mimi ni mhasibu, nilihamia Dodoma na ofisi kutoka Dar, nikapanga mtaa wa Kisasa, jioni hakuna pa kwenda nikaanza tenisi. Raketi nilipata ya mtumba pale Sabasaba, kama elfu sabini hivi sikumbuki vizuri. Mipira ni shida, kopo la mipira mitatu ni elfu ishirini na kitu au zaidi, inategemea nani anatoka Dar na ana moyo gani, kwa hiyo tunacheza na mipira mpaka inakuwa na upara. Kiwanja chetu ni cha saruji, kuna mwarobaini upande mmoja, lango upande wa pili, na babu mmoja anayefagia vumbi kila asubuhi. Huyo babu mkumbuke.

Sasa watu wetu wanapimaje leveli? Wa kwanza anahesabu miaka, "mimi nimecheza toka 2009", kana kwamba tenisi ni mkongwe wa ofisini unapanda daraja kwa kukaa. Wa pili anahesabu nguvu, akipiga fohendi moja (pigo la upande wa mkono ulioshika raketi) ikalia pwaa kwenye uzio basi keshakuwa edivansi, ile ishirini iliyotoka nje haihesabiwi. Wa tatu anakutajia mtu aliyewahi kumfunga, siku moja, dabozi, wawili kwa wawili, na mwenzake ndo aliyecheza. Halafu akina sisi tunapewa hiyo ya "kwa mwanamke". Ukiuliza maana yake nini hawana jibu, maana ukweli ni kwamba kiwanjani kwetu tuko wanawake watatu tu, kwa hiyo edivansi yenyewe ni ya kati ya watu watatu.

Ilivyonifikisha Dar. Kulikuwa na bonanza la wikiendi, fomu inauliza leveli: bigina (anayeanza), intamidieti (wa kati), edivansi. Nikauliza kwenye grupu la WhatsApp, majibu yakaja kama mvua, andika edivansi usijishushe dada, ukiandika intamidieti utakuwa unawaonea watoto. Nikaandika. Nikapanda treni ya SGR, elfu thelathini na kidogo kwenda, masaa matatu na ushee nimekaa dirishani nawaza hotuba ya ushindi, kweli kabisa nilikuwa nawaza hivyo.

Nilipangiwa mama mmoja wa makamo, kofia yake imefifia, anatembea taratibu. Tulipokuwa tunapasha nikajisemea huyu namaliza mapema. Alinifunga seti mbili, gemu 6-0, 6-1. Na hakupiga mpira hata mmoja wa nguvu! Alichofanya ni kuinua mpira juu, unavuka neti kama mita mbili au tatu hivi, unatua nyuma kabisa kwenye bekhendi yangu (upande wa pili wa fohendi), mimi naurudisha mfupi, anaurudisha tena palepale, mpaka nakosea mwenyewe. Sevu yangu ya kwanza, yaani pigo la kuanzisha pointi, ikiingia anaizuia tu. Ya pili, ile unayopewa ukikosa ya kwanza, anaisubiri ndani ya uwanja kama mtu anasubiri daladala. Na mpira wa Dar ulikuwa mzito mkononi mwangu, mipira niliyozoea kuiona inatua ndani karibu na mstari wa nyuma ikawa inagonga neti. Baadaye nilielewa, Dodoma tuko kama mita 1,100 na zaidi kidogo juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani, mpira unasafiri. Hata mipira ya tenisi kuna inayotengenezwa maalumu kwa miinuko, kanuni za ITF, shirikisho la tenisi la dunia, zinaanza kuihesabu kuanzia mita 1,219, sisi hatujafika hapo ila tuko jirani. Kwa hiyo sehemu ya "nguvu" zangu ilikuwa ni mwinuko wa Dodoma.

Tukapeana mikono, nikamwambia shikamoo maana kwenye mechi nilisahau, akaitikia marahaba akaniambia, "Mdogo wangu mkono unao, ila hiyo sevu yako ya pili inaomba msamaha." Nililia chooni. Haikuwa ya kufungwa, kufungwa nishafungwa sana, ilikuwa ya kuona kwamba nimemharibia na yeye mechi, alitaka ushindani wa leveli yake akapewa mtu aliyedanganywa.

Niliporudi nikanyamaza kwenye grupu wiki nzima. Aliyenitoa ni babu. Asubuhi moja nimeenda peke yangu kupiga sevu, nikamwamkia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kama kawaida, akacheka akasema mbona siku hizi umenuna, nikamsimulia. Akaegemea fagio lake, akasema, "Mwanangu, mimi sijui kucheza huo mchezo, lakini wewe ukiwa huku kwenye mwarobaini unashinda, ukiwa kule langoni unashindwa. Kila siku naona." Nikabishana naye! Halafu nikaenda nyumbani sijalala.

Dodoma mnaijua upepo wake, kuanzia kama mwezi wa sita mpaka wa kumi unavuma kutoka mashariki na vumbi lake hakuna mchezo. Kwetu ukikaa kwenye mwarobaini upepo uko mgongoni. Na sisi mechi zetu za kirafiki tuna uvivu mbaya, sheria inasema mnabadilishana upande baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo, sisi tunamaliza seti nzima kila mtu yuko palepale, na mimi kwa sababu ya kivuli cha mwarobaini nilikuwa nawahi upande huo kila siku.

Ndo nikafungua daftari. Hii ndo kazi yangu, vitu visivyoandikwa mimi siviamini, sijui kwa nini tenisi niliiamini kwa maneno. Nikalazimisha kila ninayecheza naye singozi, mmoja kwa mmoja, tubadilishane upande kama sheria inavyotaka, wengine walilalamika sana jua linawapiga, nikavumilia. Kila gemu nikaandika nilikuwa upande gani na nani kashinda. Baada ya seti 9 nikajumlisha: upepo mgongoni gemu 41, nimeshinda 27. Upepo usoni gemu 40, nimeshinda 13. Nilikaa nikaangalia hizo namba kama mtu aliyekuta hela haipo kwenye sefu. Babu aliona kwa macho tu.

Sababu nikaja kuiona kwenye video. Simu niliifunga kwenye uzio kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ule wa kutengenezea manati, unabana kuliko vile vishikio vya dukani vya elfu kumi na tano ambavyo upepo wetu unavidondosha. Funga juu, usawa wa kichwa au zaidi, nyuma ya mstari wa nyuma, usirekodi kutoka ubavuni hutaona uwanja wote. Nikaona kwamba napiga mpira bapa, hauzunguki. Upepo ukiwa nyuma yangu unanisaidia, na mpira wa mwenzangu unadondoka mfupi namalizia na fohendi. Upepo ukiwa usoni ile sevu ya pili inasimama hewani.

Sevu nilimpa mwanangu wa darasa la sita ahesabu, malipo ni pakiti ya ubuyu. Sevu za pili 50, kama vile kwenye mechi, yaani nasubiri, nadundisha, napiga, nahama upande, sio kupiga mfululizo kama unafukuza ndege shambani, hiyo inadanganya. Zilizoingia 31. Mtoto akaandika pembeni kwa hati yake "mama zote pole pole". Ndo neno la yule mama wa Dar.

Kina, yaani mpira unatua nyuma kiasi gani, nilikipima kwa kanga, na hili ni la kwangu sijafundishwa na mtu. Kutoka mstari wa sevu mpaka mstari wa nyuma ni karibu mita tano na nusu. Gawa katikati, tandika kanga mbili kwa urefu kuonyesha hapo katikati, mawe kwenye pembe maana upepo, halafu mtu anakurushia mipira kumi ya kasi ya kati kwa fohendi na kumi kwa bekhendi. Unahesabu ile tu iliyotua nyuma ya kanga na ndani ya mstari. Fohendi nilipata 6. Bekhendi 2. Kanga zilichafuka, moja ilikuwa ya harusi ya mdogo wangu, ila sijutii.

Hapo ndo nikaenda kusoma zile ngazi kwa utulivu, kabla ya hapo nilikuwa nazisikia tu kaka mmoja anasema yeye ni 4.5. Hizo ni za NTRP, mfumo wa chama cha tenisi cha Marekani, USTA, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970, unapanda nusu nusu mpaka 7.0 ambao ni wa wachezaji wa dunia. Maelezo yake yameandikwa kwa vitu unavyoweza kuviona. 3.0 ni mtu anayerudisha mipira ya kasi ya kati kwa uhakika kiasi lakini hajazoea mapigo yote na bado anakosa mwelekeo, kina na nguvu. 3.5 mapigo yake yanategemeka zaidi na anauelekeza mpira wa kasi ya kati, ila kina na aina za mapigo bado. 4.0 ana mwelekeo na kina kwa fohendi NA bekhendi. Soma hapo mara mbili, bekhendi pia. Mtu mwenye 2 kati ya 10 hawezi kuwa hapo hata grupu zima lipige kura.

Na hiyo "kwa mwanamke" nayo ina majibu. Kwenye NTRP wanawake na wanaume kila kundi lina ngazi zake, 4.0 ya mwanamke na 4.0 ya mwanaume hazilingani, kwa hiyo namba yangu ni namba yangu kamili haihitaji kuongezewa chumvi. Kuna UTR (Universal Tennis Rating), 1 mpaka 16.50, na ile ya ITF inaitwa World Tennis Number inayoanzia 40 kushuka mpaka 1, ndogo ndo bora, hizo zinaweka wanawake na wanaume kwenye ngazi moja, ila zinakokotolewa kwa matokeo ya mechi zilizosajiliwa na zetu za kirafiki haziingii humo. Ndo maana nikatumia maelezo ya NTRP, daftari na kanga.

Nikaandika kwenye grupu: mimi ni 3.0, fohendi inaelekea 3.5, nikiwa na upepo usoni nategemea huruma. Walinishambulia siku mbili. Unajishusha, unajidharau, utaogopesha wanaoanza. Sikujibu, nilituma picha ya ukurasa wa daftari.

Baada ya hapo nilijua nifanyie kazi nini, miezi sita nzima ni sevu ya pili na bekhendi tu, asubuhi kabla ya kwenda kazini kule Mtumba, mji wa Serikali. Sevu nilibadilisha mshiko, shika raketi kama unashika nyundo, uukwangue mpira pembeni uzunguke, badala ya kuusukuma. Mwezi wa kwanza zilikuwa zinaenda popote, vumilia. Upande, nilichagua langoni kila siku kwa makusudi, kivuli niliwaachia wao.

Nikarudi Dar, fomu nikaandika intamidieti. Mechi ya kwanza nilishinda 6-4, 6-4. Ya pili nikafungwa 4-6, 6-3, halafu 10-8 kwenye ile taibreki ya pointi kumi inayochezwa badala ya seti ya tatu, na nilitoka pale natetemeka kwa furaha, karibu masaa mawili kila mpira una maana, mwenzangu alinikumbatia tukaombana namba. Miaka minne nilikuwa sijawahi kucheza mechi ya namna hiyo. Daftari kwa sasa linasema bekhendi 6 kati ya 10, sevu ya pili 42 kati ya 50, upepo usoni nashinda karibu nusu, kwa hiyo ukiniuliza ni 3.5 na naisema bila kusitasita.

Yule kaka aliyenijibia wiki hii, ambaye ndo mwenye 4.5, nilimwambia mbele ya mgeni, kaka yangu tandika kanga tuone. Akapiga. Fohendi 5, bekhendi 3. Akasema kanga zimekaa karibu sana na mstari, akaondoka amekasirika, na mimi usiku nilijisikia vibaya, pengine ningemwambia pembeni. Jana nafika saa kumi na mbili asubuhi nikamkuta yuko upande wa langoni, ametandika kanga za nyumbani kwake, babu anamrushia mipira kwenye bekhendi, mmoja mmoja, na fagio limelazwa chini.