Pentekoste niliyokula Skokie na mzee wangu

Mwaka 2019 nilikuwa nabeba boksi Skokie, mji mdogo uliopakana na Chicago upande wa kaskazini, na boksi lenyewe lilikuwa kutunza mzee mmoja wa Kiyahudi aliyekuwa anaelekea miaka 90. Kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia uji, kumsukuma kwenye wilichea akitaka kutoka, na kubishana naye, maana mzee yule kubishana ilikuwa ndo chakula chake. Jina lake naliacha, familia yake ipo.

Ukikaa Skokie kidogo tu unajua uko wapi. Baada ya vita vya pili walihamia pale maelfu ya Wayahudi walionusurika kambi za Hitler, na ndo sababu mwaka 1977 kuna kikundi cha manazi wa Marekani kikataka kuja kuandamana pale pale na sare zao, makusudi kabisa, kesi ikafika mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwisho wa siku Skokie hawakukanyaga, mkutano wao wakaufanyia Chicago mwaka uliofuata. Mzee alikuwa akinisimulia hiyo habari huku anacheka, eti mwaka ule mzima alilala na gongo la besiboli nyuma ya mlango na mke wake akawa analitumia kuanikia soksi.

Yeye mwenyewe katokea milima ya Karpati, eneo ambalo wakati wa vita lilikuwa chini ya Hungaria. Mwaka 1944, kuanzia katikati ya mwezi wa tano, Wayahudi zaidi ya 400,000 wa Hungaria walipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo ndani ya wiki kama nane hivi, wengi wao moja kwa moja Auschwitz, kambi ya mauaji ya Hitler. Mzee alikuwa na miaka 14. Treni yao ilifika siku ya pili ya sikukuu ya Shavuot, wakashushwa, yeye akasukumwa upande mmoja na mama yake na wadogo zake upande mwingine, basi. Hiyo aliniambia mara moja tu, tena akiwa anatafuta miwani, na hakuirudia.

Sasa Shavuot ndo ile sikukuu ambayo kwenye Biblia yetu inaitwa Sikukuu ya Majuma, siku hamsini baada ya Pasaka, ya malimbuko ya mavuno na ya kupewa Torati pale Sinai. Mi ni Mlutheri wa Machame kule Kilimanjaro, nimekua naimba kwaya, Pentekoste naijua vizuri na ndimi zake za moto, lakini kwamba wale mitume walikuwa wamekusanyika Yerusalemu kwa sababu ilikuwa tayari ni sikukuu ya Kiyahudi, hilo nililisoma Sunday school na likapitia sikio la pili. Na mwaka ule zikagongana, Jumapili ya tarehe 9 Juni ilikuwa Pentekoste yetu na siku ya kwanza ya Shavuot yao, ya pili ikawa Jumatatu. Nilikuwa na shifti zote mbili. Nikajua ibada ya kiswahili na wenzangu nimeikosa, nikanuna kidogo.

Hali ya hewa ilikuwa tamu lakini. Mwanzo wa samma Chicago ni kitu cha kumshukuru Mungu, baridi limeshaondoka na lile joto la kukuchemsha halijafika, jua linazama saa mbili usiku na zaidi, watoto wako nje kwenye baiskeli, maua ya peoni yamefunguka kila uani. Sinagogi halikuwa mbali, mitaa mitatu tu, na mzee siku ya sikukuu gari hapandi, dini yake inakataza. Wenzake wengi pale walikuwa wanapanda, lilikuwa sinagogi la Conservative, dhehebu lao la katikati lisilobana sana, wanaume na wanawake wanakaa pamoja, wana kipaza sauti na kila kitu, lakini yeye alishika aliyoyakuta kwao. Na taa hawashi. Na kuniagiza niwashe hataki vilevile, kwa sababu kuagiza ni kama kuwasha mwenyewe, kwahiyo anakaa pale kwenye kiti anasema kama vile anaongea na ukuta, "Choo cha nyumba hii kina giza la ajabu leo." Mimi naelewa, naenda kuwasha. Mara ya kwanza kabisa nilimjibu "ni kweli mzee" nikaendelea kukunja nguo.

Jumamosi usiku, sikukuu ilipoingia, wana desturi ya kukesha wakisoma, sisi tukakaa mpaka kama saa sita nikamrudisha. Jumapili wakasoma Amri Kumi, watu wote wakasimama, mzee kwenye wilichea akanivuta mkono nimwinue na yeye, nikamwinua, nikamshikilia kiunoni amri zote kumi, na nakuapia msomaji alikuwa hana haraka.

Ila siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, na ilianza Jumapili usiku.

Giza lilipoingia vizuri mzee akataka kuwasha mshumaa wa marehemu. Ni mshumaa mfupi ndani ya glasi, unauzwa supamaketi za pale kama unavyonunua chumvi, unawaka saa 24. Kiberiti siku ya sikukuu hakipigwi lakini moto kuuhamisha kutoka kwenye moto mwingine inaruhusiwa, kwahiyo tangu Ijumaa alikuwa ameshawasha mshumaa mkubwa wa kukaa siku nyingi, tumeuweka kwenye sinki usije ukatuunguza. Akachukua kijiti kirefu, akakitia pale kikashika. Mkono wake ulikuwa unatetemeka vibaya, ugonjwa ule wa kutetemeka, na kutoka sinki mpaka mezani ni kama hatua tatu za wilichea, mi nasukuma, yeye kashika moto, unataka kuzimika, anauziba na kiganja, nikasema nisaidie mzee, akasema "sukuma". Tukafika. Kijiti kikagonga ukingo wa glasi mara kadhaa kabla hakijaingia. Uliposhika akakaa anauangalia, mi nikaenda kufua.

Asubuhi mlangoni pa sinagogi kulikuwa na polisi. Miaka ya nyuma hakuwepo, lakini Oktoba 2018 mtu aliingia sinagogi la Pittsburgh akaua watu 11 siku ya Sabato, halafu Aprili ile ya 2019, siku ya mwisho ya Pasaka yao, mwingine akashambulia la Poway kule California akaua mama mmoja, kwahiyo ilikuwa kila begi linafunguliwa. Langu lina pampasi za wakubwa, dawa, chupa ya maji na kontena la wali maharage. Jamaa wa kujitolea aliyekuwa anasaidiana na polisi akatoa vyote, pampasi hazikumshtua, wali ukamshtua. Nikajua ni usalama, kumbe ni mambo ya jiko, chakula cha nje hakiingii mle kwa sababu ya kosha, zile sheria zao za chakula. Tukakubaliana ubaki nje kwenye kiti cha polisi. Nilivyotoka mchana nikaukuta, ila kijiko kilikuwa kimehama, sitasema zaidi.

Ndani wamepamba majani kila mahali, matawi mabichi mpaka kwenye lile kabati la mbele wanakohifadhi Torati, na peoni kwenye ndoo. Nilipoingia nikakumbuka Jumapili ya mavuno nyumbani, migomba imefungwa kwenye nguzo za kanisa, kuku wanalia kwenye vikapu, baada ya ibada mnada. Hapa mnada hakuna, wala kuku.

Ilikuwa siku ya kazi kwahiyo mwanzoni watu wachache, na hawa bila watu wazima kumi kuna sala hazisaliwi. Mzee mmoja akawa anahesabu, lakini hahesabu moja mbili tatu, anatamka mstari fulani wa zaburi wenye maneno kumi, kila mtu neno moja, kwa sababu watu hawahesabiwi kwa namba. Bibi yangu angempenda yule mzee. Kwetu ukimuuliza bibi ana wajukuu wangapi anakwambia "wapo". Mimi wakaniruka, sihesabiki, lakini nilipewa kikofia na kitabu kama wengine.

Wakasoma Ruthu. Hicho nakijua, "watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu", kwetu hakikosi kwenye harusi. Wanakisoma Shavuot kwa sababu ni habari ya mavuno ya shayiri na ngano, na Ruthu ni mgeni, Mmoabu, mjane anayeokota masazo shambani kwa watu. Rabi akaeleza wee mambo ya wageni na namna ya kuwapokea. Mzee akanipiga kiwiko, "Hapo wanakusema wewe." Nikamjibu mi siokoti masazo, nalipwa kwa saa. Akacheka kwa sauti mpaka mama wa mbele akageuka.

Halafu Torati ikazungushwa. Wanaibeba begani, imevalishwa kitambaa na njuga za fedha, watu wanasogea wanaigusa na pindo la shali au na kitabu halafu wanabusu pale palipogusa. Aliyebeba alikuwa kijana, alipofika kwetu akapiga goti moja na ule mzigo wote, mzito kweli, akasubiri mzee atoe pindo lake, na mkono ule unatetemeka, ikachukua muda, msafara wote nyuma umesimama na hakuna aliyekohoa.

Ikafika Yizkor, yaani sala ya kukumbuka marehemu. Nikaona ghafla watu wanaondoka, vijana karibu wote, wamama wenye watoto, kumbe desturi ni kwamba kama baba na mama wote wako hai unatoka, wengine wanasema kukaa ni kujiita balaa. Mi nikasema hapa ndo pa kutoka, mgeni tena Mkristo, nikafunga breki ya wilichea nikasogea mlangoni. Pale mlangoni amekaa bibi mmoja, nywele nyeupe, kazi yake kugawa vijitabu. Akaniuliza, "Wazazi wako wako hai wote?"

Nikamwambia mama yuko hai, baba alifariki mwaka juzi.

Akanipa kijitabu. "Basi unakaa."

Nikamwambia mi si Myahudi. Akasema sikukuuliza hilo, na akafunga mlango.

Baba yangu alifariki 2017. Wakati huo makaratasi yangu hayajakaa sawa, nikitoka Marekani sirudi, na nyumbani ada za wadogo zangu zilikuwa zinatoka kwenye hilo hilo boksi, kwahiyo kikao cha familia kikaamua kwa simu kwamba nisije. Nikazika kwa WhatsApp. Mtoto wa baba mdogo alishika simu, nikaona migomba ya kihamba, lile shamba la nyumbani, nikaona migongo ya watu, mchungaji anakatika katika, jeneza linashuka halafu picha ikaganda, ilipofunguka walikuwa wanaweka mashada. Saa kumi na moja jioni nikaingia shifti. Hakuna aliyenikalisha chini, matanga yalikuwa Machame na mimi nilikuwa kwenye basi. Watu wa ughaibuni mnanielewa.

Kijitabu kilikuwa na kiebrania upande mmoja na kiingereza mwingine, na katikati ya sala kuna nafasi wazi, unatia jina la mtu wako na jina la baba yake. Kila mtu anasoma ya kwake kwa sauti ya chini, ukumbi mzima unavuma. Nikatia jina la baba na la babu. Sijui nilirudia mara ngapi. Mzee pembeni yangu alikuwa na orodha, alisoma majina mengi, nilimsikia anarudi kwenye lile la mama yake. Ukutani kuna vibao vya shaba vya marehemu, kila kibao na kitaa chake kidogo cha umeme, kinawashwa siku ya mtu wake ikifika, na cha mama yake kilikuwa kinawaka. Baadaye mwimbishaji akaimba sala moja ya kuwaombea wale Wayahudi milioni sita waliouawa na Hitler, na jamaa alikuwa na koo, niseme ukweli, kwaya yetu ya usharika ingemchukua bila usaili. Nililia. Mzee akanipa leso yake ambayo mi mwenyewe ndo niliipiga pasi.

Milango ikafunguliwa, watoto wakaingia wanakimbia, ibada ikaendelea mpaka nikaanza kuwaza chakula. Shavuot wanakula vya maziwa. Kuna keki za jibini za kila aina na wenye keki wanapimana kwa macho, kuna blintzi, hizi ni kama chapati za maji zimekunjwa na jibini tamu ndani, kuna tambi za kuoka, na kahawa mbovu sana. Nililetewa sahani na wamama ambao siwajui, kila mmoja ananiambia ya yule usile, kula yangu.

Mzee akaniuliza, mdomo umejaa, "Ule mstari wa sadaka uliusoma?"

Kwenye ile sala kuna sehemu unaahidi kutoa sadaka kwa ajili ya marehemu. Nikamwambia nimesoma.

"Basi una deni."

Nikasema sawa, nitaweka hapa sinagogi. Akasema leo hela hazishikwi, na hapa wanazo, peleka kwa mwenye shida.

Jumanne nikamtumia mama kwenye simu. Akanipigia hapo hapo. Shikamoo mama, marahaba, halafu, "Hela hii ya nini, mavuno bado." Nikamweleza ni sadaka ya baba, ampe mchungaji wasaidie wajane wa usharika. Mama akafikiri kidogo akasema haya, nusu atapeleka, nusu atampa fundi, vigae vya kaburi vimeanza kubanduka na mvua.

Nikamsimulia mzee nikiwa namkata kucha, nikidhani atafurahi. Akasema kaburi si sadaka, kaburi ni wajibu wenu, kwahiyo umelipa nusu. Tukabishana mpaka kucha zikaisha.

Nikaongeza nusu nyingine Ijumaa, mshahara ulipoingia.