Nodi Mbili Ndani ya Duara Moja

Jana baada ya Isha, barazani kwetu Wete, mpwa wangu aliniletea sakiti iliyomshinda: chanzo cha volti 10 kimeunganisha nodi (yaani sehemu waya zinapokutana) A na B, volti ya A ikiwa kubwa zaidi, kikinzani cha omu 2 kinatoka A na cha omu 4 kinatoka B kwenda ardhini (penye volti sifuri), na ampea 8 zinaingia A. Alianza kwa kutafuta mkondo wa chanzo hicho, ambao Sheria ya Ohm (mkondo ni volti kugawa kwa omu za kikinzani) haiujibu (nami nilikosea hivyo hivyo zamani). Nilimwambia azizungushie nodi zote mbili duara moja, yaani nodi kuu, kisha atumie sheria ya Kirchhoff ya mwaka 1845, kwamba mikondo inayotoka ni sawa na inayoingia. VA na VB zikiwa volti za A na B: VA/2 + VB/4 = 8, pamoja na VA − VB = 10. VB ikawa volti 4, VA 14. Mkondo ule wa chanzo ukajitokeza wenyewe: 8 − 14/2, yaani ampea 1.