Kumbukumbu ya mradi: neno "pori" limenila wiki nzima

Lamu, Jumapili. Hadithi ya pili nimeimaliza kuisimulia kwa Kiswahili. Ni "An Outpost of Progress" ya mwandishi Joseph Conrad, ya mwaka 1897, miaka saba baada ya yeye mwenyewe kwenda Kongo. Kama kawaida niliisoma barazani baada ya isha.

Kila palipotajwa mahali wanapokaa Wazungu wawili wa hadithi hii, nilikuwa nimeandika "pori". Ami yangu, aliyekuwa akishona jarife lake, wavu wa kuvulia, akanikatiza: "Pori? Na hao wanaowaletea chakula wanatoka wapi?"

Nikarudi kusoma. Kweli bwana. Wazungu hao, Kayerts na Carlier, wameachwa kwenye kituo cha kununulia pembe za ndovu, na kila asubuhi wanawake wa kijiji cha mzee Gobila wanawapelekea kuku na viazi vitamu, siku nyingine hata mbuzi. Kisha karani wao, Makola, anawauza vibarua kumi wa kituo kwa wageni wenye bunduki, analipwa pembe. Wazungu wale wanahamaki, wanasema utumwa ni jambo baya, halafu wanakwenda kusaidia kuzipima pembe kwenye mizani! Tangu hapo watu wa Gobila hawakanyagi tena kituoni. Chakula kinakatika, meli inachelewa, na mwisho Kayerts anampiga mwenzake risasi kwa ugomvi ulioanzia kwenye sukari ya kahawa.

Wengi husoma hadithi za namna hii wakasema msitu ndio uliowaharibu. Mimi sikubali. Upweke ule waliununua wenyewe, siku walipokubali bei. Nimelifuta "pori" lote, nimeweka "kituo cha mtoni, karibu na kwa Gobila". Sentensi zimerefuka kidogo, lakini sasa zinasema kweli.

Jumatano nilikwenda makumbusho kuitazama siwa ya Pate, baragumu la kifalme la pembe ya ndovu. Nilisimama mbele ya lile tundu la kupulizia, pale ubavuni, nikawaza pembe ile ilibebwa na nani hadi pwani. Nasi tulikuwa na neno letu kwa watu wa bara, tukiwaita washenzi, na pembe zao zikipita mikononi mwetu. Hilo limeniuma kuliko hadithi yenyewe.

Kwa hiyo kurasa za Makola nazianza upya. Yeye ni mtu wa Sierra Leone, si wetu, lakini anapopanga bei namsikia dalali wa pwani kabisa, na nilikuwa nimempitia haraka mno. Jumapili ijayo nitazisoma, ami akiwapo.